Kengele ya Tomasi

Utepe wa mwisho ulikuwa umefungwa kwa fundo gumu, na vidole vya Mwanvita vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, kwa hiyo aliufungua kwa meno. Akauviringisha pamoja na wenzake, arobaini na kitu, akausukuma mfukoni. Nyuma yake msitu ulibaki kama ulivyokuwa kabla hawajaja, bila alama wala takataka, kana kwamba hakuna mtu aliyepita hapo alasiri ile.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi. Siku ya mwisho, anayetembea nyuma anatoa tepe zote, maana utepe mwekundu unaomwongoza mtafiti kwenye mti adimu ndio huohuo utakaomwongoza mwenye msumeno. Mwanvita aliipenda sheria hiyo. Kila fundo alilofungua lilimpa hisia ya mtu anayefunga mlango taratibu ili asiwaamshe waliolala.

"We Mlali," sauti ya Kasiani iliita kutoka mbele, ndani ya ukungu. "Unabusu miti au unakuja?"

"Nakuja, mjomba."

Kasiani alikuwa mkulima wa karoti na kabichi huko Mgeta, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, na miezi ya kiangazi alikuwa akiwaongoza watafiti kwenye misitu ya juu ya Uluguru. Tangu siku ya kwanza aliposikia kwamba mwanafunzi huyu alizaliwa Mlali, chini kabisa ambako mlima unaanzia, hakumwita tena kwa jina lake. Mtu wa Mlali, alisema, ni mtu wa tambarare anayejidanganya. Akampa abebe sufuria ya ugali nje ya begi lake, ili hata akipotea asikike.

Walikuwa wawili tu. Frank, kiongozi wao, alishuka Morogoro mjini juzi kufuata betri mpya, na alikuwa hawategemei kijijini hadi Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Kazi iliyobaki ilikuwa kukusanya vinasa sauti sita walivyovifunga kwenye miti wiki nzima ili visikilize vyura usiku na mchana. Sasa vyote sita vilikuwa kwenye begi la Mwanvita. Hema, chakula na kifaa cha GPS vilikuwa kwenye begi la Kasiani.

Hawakuwa na haja ya kurudi kwa njia waliyojia. Kasiani alisema kuna njia ya zamani ya wapasua mbao, inaanzia pale kituo cha sita, penye kinasa sauti cha mwisho, na kushuka moja kwa moja mpaka nyuma ya shamba lake. Ingewapunguzia saa tatu.

"Nimeipita tangu sijaota ndevu," alisema.

Hakusema mara ya mwisho kuipita ilikuwa lini. Mwanvita hakuuliza. Mtu mzima haulizwi hivyo.

Dakika ishirini baadaye alisikia kishindo kizito, kama gunia la viazi limeangushwa kutoka kwenye lori, kisha mawe yakibingirika kwa muda mrefu sana.

"Mjomba?"

Akakimbia. Mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa, akajitupa nyuma, akashika kangaga kwa mikono miwili. Mbele yake njia ilikuwa imekatika kama mkate. Mvua za masika zilikuwa zimelimega bega zima la mlima. Ukungu ulikuwa umejaa ndani ya pengo hilo hadi ukingoni, mweupe, umetulia, kiasi kwamba mtu angeweza kuudhani ni ardhi.

Kasiani alikuwa amenasa kwenye mizizi, chini kiasi cha urefu wa nyumba. Begi lake lilikuwa limeendelea na safari.

Mwanvita alishuka akiwa ameupa mlima kifua, akishika mzizi mmoja baada ya mwingine, udongo ukimwingia machoni. Alipomfikia, Kasiani alikuwa macho, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mguu," alisema.

Suruali ilikuwa imechanika chini ya goti. Muundi ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu wa mtu haupindi, na juu yake kidonda kirefu kilikuwa kinatoa damu nyeusi, polepole.

"Nitakuinua, mjomba. Utaumia."

"Nimeshaumia. Inua."

Iliwachukua karibu saa nzima kupanda urefu ule mdogo. Alimsukuma kutoka chini kwa bega, akapumzika, akasukuma tena. Mara mbili Kasiani alizimia, na mara zote mbili Mwanvita alimshikilia kwenye mizizi kwa uzito wa mwili wake, akihesabu kwa sauti ili asijisikie yuko peke yake. Walipofika juu alikata vijiti viwili vya mwanzi, akaviweka pande zote za mguu, akatafuta cha kufungia. Mfukoni mlikuwa na tepe.

Alizifunga moja moja, nyekundu juu ya suruali iliyolowa, na kila alipokaza fundo alielewa zaidi alichokifanya. Mbele hakukuwa na njia. Nyuma kulikuwa na uwanda wa nyasi na vinamasi, na msitu wa mianzi uliofanana kila upande, na saa tano za kutembea, na hakukuwa na alama hata moja.

Kasiani alikuwa akimtazama mikono.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Njia hii niliichagua mimi," Kasiani akasema. "Tusigawane makosa sasa hivi. Tuna nini?"

Walikuwa na nusu chupa ya maji, pakiti ya biskuti, viazi vitamu viwili vya kuchemsha, turubai dogo la kufunika vifaa, vinasa sauti sita, na sufuria. Simu ya Mwanvita iliingia maji ya tope pale kwenye pengo, ikawaka mara moja kama inayoaga, ikazima.

"Kijiji kiko kule," Kasiani alisema, akinyoosha mkono kwa uhakika.

Wakaenda kule. Alimwegemea Mwanvita begani, fimbo ya mwanzi mkono wa pili, na kuruka kwa mguu mmoja, akikunja uso bila kulia. Ukungu uliwapa hatua kumi za kuona, wakati mwingine tano. Baada ya saa nzima walikuta kwenye tope alama za buti na shimo dogo la fimbo pembeni yake. Mwanvita aliweka buti lake ndani ya alama. Lilienea.

"Tumezunguka," alisema.

"Haiwezekani. Mimi nimezaliwa hapa."

"Najua, mjomba."

"Wewe umezaliwa Mlali."

Mwanvita alimketisha chini ya mwamba uliokuwa umechomoza kama ukumbi wa nyumba, akamfunika kwa turubai, akakaa na begi mapajani. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi na kufuta kila kitu. Hapo ndipo alipokumbuka kelele.

Kila jioni wiki ile kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni na kusikiliza sauti zilizonaswa, kisha kuweka alama palipo na kelele za binadamu ili ziondolewe, abaki chura peke yake. Kelele zilikuwa chache. Honi ya lori la mboga. Shoka, mara moja. Na kengele ya kanisa, asubuhi, mchana na jioni, hafifu sana, sauti ambayo sikio tupu huku juu halikuipata kabisa. Alikuwa ameifuta mara nyingi bila kuifikiria.

"Mjomba, kengele ya misheni inapigwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni. Sala ya Malaika wa Bwana. Kwa nini, unataka kubatizwa?"

Saa ya kinasa sauti ilionyesha kumi na moja na dakika arobaini. Akaichukua sufuria.

Mwezi wa Julai, kabla ya kuletwa huku, Mwanvita alikuwa baharini. Chuoni wote walimcheka alipoomba fildi ya utafiti wa nyangumi, msichana wa Mlali ambaye maji makubwa aliyoyajua ni mto uliofurika. Alipata. Kwa wiki tatu alipanda boti ya watafiti kwenye pwani ya kusini, wakati nyangumi wanapopanda kutoka kwenye baridi kuja kuzaa. Kazi yake ilikuwa kushika mlingoti mrefu ulioteremshwa majini, wenye kinasa sauti kwenye ncha na bakuli la chuma nyuma yake. Dokta Judith, mkuu wa utafiti ule, alimfundisha kuuzungusha polepole. Bakuli linaziba sauti za nyuma na kukusanya za mbele. Nyangumi akiimba, geuza mpaka sauti yake ijae masikioni. Bakuli linapotazama, ndiko aliko.

Alimsikia mara moja, wimbo mrefu uliopanda na kushuka, akalia. Siku nyingine zote alitapika. Alitapika hadi akaishiwa nguvu za kushika mlingoti, na siku ya ishirini Dokta Judith, bila ubaya wowote, alimwambia arudi Morogoro, kuna timu ya vyura mlimani inayotumia vifaa vya aina moja. Mwanvita hakumwambia mtu nyumbani kwamba alirudishwa. Alisema fildi imehamia Uluguru.

Sasa alikiweka kinasa sauti kimoja ndani ya sufuria, akakikaza kwa mtandio wake ili kisicheze, akachomeka hedifoni.

"Unapika nini?" Kasiani aliuliza kwa meno yanayogongana.

"Nyamaza kidogo, mjomba. Samahani."

Upepo masikioni ulikuwa kama bahari. Alizungusha sufuria polepole. Maji yakidondoka. Ndege. Kisha, karibu kabisa, sauti ndogo kavu kama kijiko kinachogonga kikombe, mara tatu, mara tatu. Chura. Ndiye yuleyule waliyemtafuta wiki nzima bila kumpata, na alikuwa anaimba hatua chache kutoka alipokaa. Kurekodi kungemaliza betri haraka mara mbili zaidi. Mwanvita aliacha kitufe kama kilivyo.

Saa kumi na mbili kamili kengele ililia.

Aligeuza sufuria kushoto, ikafifia. Kulia, ikajaa. Akarudi kidogo. Hapo. Alipanga mawe matano kwenye mstari kuelekea huko, akazima kifaa.

Usiku ule walikaa mgongo kwa mgongo chini ya turubai na hawakulala.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba hadi tepe zimezama kwenye nyama, na Kasiani alikuwa na homa. Walikula kiazi kimoja. Mwanvita hakusikiliza kengele ya asubuhi. Mwelekeo alikuwa nao, na betri zilizobaki na uhai zilikuwa chache. Wakaufuata mstari wa mawe.

Walishuka. Kushuka kulimpa matumaini, na matumaini yakamziba macho. Miti ilizidi kuwa mikubwa, maji yalichuruzika kila mahali, ukungu ulikuwa wa vuguvugu kidogo. Kasiani alianguka mara nne. Mara ya nne alikaa na hakutaka kuinuka, akatazama miti.

"Sisi kwetu hakuna msitu mnene hivi," alisema. "Kwetu ukitoka mianzi, unakuta kabichi." Alipangusa jasho. "Ile kengele, ilipiga saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili na ngapi?"

"Kamili, mjomba. Saa ya kifaa tuliirekebisha kwa GPS wiki hii, haikosei hata sekunde."

Kasiani aliegemeza kichwa kwenye shina la mti na kufumba macho. Mwanvita alidhani anazimia tena, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kidogo kilichomuumiza.

"Basi si Tomasi," alisema. "Mpiga kengele wetu anaitwa Tomasi. Tangu akabidhiwe ile kamba hajawahi kupiga kwa wakati hata siku moja. Padri alimnunulia saa ya mkononi. Sasa anachelewa huku anajua." Akafumbua macho. "Hiyo kamili kamili ni ya wenzetu wa upande wa Matombo. Tumeshuka upande usio wetu, Mlali. Kutoka hapa hadi nyumba ya kwanza ni makorongo ya siku mbili. Mimi siku mbili sina."

Alisema hivyo kama anavyosema hali ya hewa.

Mwanvita alisimama katikati ya miti ile. Alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo mno, litakuwa mzigo mwingine wa kubebwa na mgonjwa. Aliinama, akamwekea bega.

"Inuka, mjomba. Saa sita tuwe juu."

Kupanda kulikuwa kazi ya namna nyingine kabisa. Mahali pengine alimburuta kwa turubai, akirudi kinyumenyume, visigino vikichimba tope. Maji ya chupa yaliisha. Alikamua ukoga wa kijani uliofunika mawe ndani ya sufuria, wakanywa maji ya kahawia yenye ladha ya udongo. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na wote wawili walijifanya hawasikii harufu. Kasiani aliongea bila kukoma: habari za bei ya mbegu, za Bernadeta mkewe anayelima mistari iliyonyooka kuliko yeye, za nyangumi ambao Mwanvita alimsimulia usiku.

"Nyangumi namwelewa," alisema. "Ni nyama ya kijiji kizima. Lakini chura, jamani. Serikali inamlinda chura."

"Nyangumi haliwi, mjomba. Naye analindwa."

"Sasa kilichobaki kuliwa ni nini?"

"Karoti zako."

"Hizo mnazila kweli," alisema.

Walifika kwenye mwamba saa sita kasoro dakika nne. Alikusanya betri kutoka kwenye vinasa sauti vyote, akachagua zenye nguvu kwa kuzijaribu moja moja, na kifaa kikawaka kwa taa nyekundu, ile inayoonya kwamba dakika zilizobaki ni chache. Akavaa hedifoni.

Saa sita kamili, kutoka walikokuwa wamepotelea, kengele ya Matombo ililia, safi, yenye nidhamu.

"Imepiga," alisema. "Ile ile."

"Zima," Kasiani alisema. "Usimalize moto. Washa baada ya dakika tano."

"Na leo akiwahi?"

"Nani? Tomasi?"

"Mjomba, nikizima akapiga, tumebaki hadi jioni."

Alimtazama mtu aliyelala mbele yake, ngozi ya uso imekaza mifupani, macho yana ute wa homa. Jioni ilikuwa mbali mno kwa Kasiani, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

"Namjua Tomasi miaka arobaini," alisema. "Zima."

Akazima. Alihesabu sekunde kwa vidole, mia tatu, na kila sekunde aliisikia kengele isiyokuwapo. Akawasha. Upepo. Dakika ya sita, upepo. Dakika ya nane, upepo, na taa ikaanza kupepesa.

Dakika ya tisa Kasiani alisema kwa sauti ndogo, "Labda anaumwa."

Dakika ya kumi na moja ililia. Ilikuwa nzito na ya uvivu, na kati ya pigo na pigo kulikuwa na pengo la mtu anayepiga miayo. Mwanvita aligeuza sufuria. Ikafifia. Akageuza zaidi, zaidi, nyuma kabisa ya pale ambapo Kasiani alinyoosha mkono jana, na sauti ikajaa kama mtu ameingia chumbani. Alishikilia hapo, bila kupumua, mapigo matatu, manne. Taa ikazima.

"Kule," alisema.

Kasiani alitazama kule. Kilichoonekana ni ukungu tu. "Ningebisha," alisema, "ila jana nilishabisha." Kisha akasema, "Mimi siwezi tena. Nenda peke yako."

Mwanvita alikuwa amejua kwamba neno hilo litakuja. Alijifunga tena mtandio, akamzungushia turubai, akamwekea biskuti zote na maji kidogo aliyokamua tena ndani ya sufuria. Akaanza kufungua tepe za mguu wake, akibakisha nne tu za kushikilia mianzi.

"Mwambie Bernadeta mbegu za karoti nimeziweka juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa. Yeye atazitafuta stoo."

"Hilo utamwambia mwenyewe."

"Mwambie tu, mwanangu."

Alifunga utepe wa kwanza kwenye kichaka kilichokuwa juu ya kichwa cha Kasiani. Alitembea hadi ulipokaribia kupotea machoni, akafunga wa pili. Alitembea kwa kutazama nyuma zaidi ya mbele, akipanga tepe mbili zilizotangulia ziwe mstari mmoja na yeye, jinsi Kasiani alivyosema Bernadeta hupanga mistari ya karoti. Alivuka kinamasi kilichomfika magoti. Aliingia kwenye mianzi, ambako giza lilikuwa la kijani na kila hatua ilivunja kitu. Tepe ziliisha hapo. Alivua mtandio, akauchana kwa meno vipande vyembamba, vya njano, akaendelea. Baba yake hakuwahi kumwona kichwa wazi nje ya ua wa nyumba yao. Kipande cha mwisho alikifunga kwenye mwanzi wa mwisho, na baada ya mwanzi huo kulikuwa na kabichi.

Zilikuwa zimepangwa kwenye matuta hadi chini kabisa, zikiwa na umande, nyingi mno. Alipita katikati yake akiyumba. Chini ya kabichi kulikuwa na shamba la karoti, na katika shamba hilo mwanamke alikuwa ameinama na jembe dogo, na mistari yake ilikuwa imenyooka.

Hata katika hali ile mdomo wake ulitanguliza kilichozoeleka.

"Shikamoo."

"Marahaba." Bernadeta alijinyoosha, akamwona tope, damu, nywele. "Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko hai. Amevunjika mguu, yuko juu kwenye mwamba, ana homa kali. Nimefunga tepe kutoka kwake mpaka hapa." Kisha, kwa sababu asingeweza kulisema baadaye, "Mama, tepe za njia ya kwanza nilizitoa mimi. Ningeziacha, jana usiku angekuwa amelala nyumbani."

Bernadeta alimtazama kwa muda. Uso wake haukusamehe wala kulaumu. Alikuwa anapima mlima. Halafu alifungua kitenge kiunoni, akamfunika Mwanvita kichwa, akakaza fundo kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akageukia bondeni na kupiga yowe. Mtu wa mteremko wa pili alilipokea na kulipeleka wa tatu, na kabla halijafika chini wanaume walikuwa wameshaanza kupanda na machela ya mianzi.

Tomasi alikuwa wa kwanza.

Kasiani aliteremshwa jioni ile akiwa hajitambui. Lori la mboga lililokuwa likisubiri mzigo wa mwisho wa kwenda Dar liliondoka mapema, yeye amelazwa juu ya magunia ya kabichi, mkewe ameshika kichwa chake, Mwanvita ameshika mguu usicheze kwenye kona. Hospitalini Morogoro mjini daktari alisema kwamba wangechelewa hadi kesho yake, mazungumzo yangekuwa ya kukata. Walimwekea vyuma.

Frank alipokuja wodini aliuliza kwa upole kama ni kweli alimsikia yule chura.

"Nilimsikia."

"Ulirekodi?"

"Hapana."

Frank alitikisa kichwa taratibu. Kwenye ripoti ya fildi Mwanvita aliandika hivyohivyo: alisikika mara moja, hakurekodiwa. Kwenye sehemu ya makosa aliandika ukurasa mzima. Alimwandikia pia Dokta Judith, kumweleza habari ya sufuria, na kwamba akikubaliwa tena msimu ujao atakuja na ndimu, na tangawizi, na ndoo yake mwenyewe ya kutapikia.

Mwishoni mwa Oktoba, kabla chuo hakijafunguliwa, alipanda Mgeta. Asubuhi yeye na Frank walikwenda hadi kwenye mwamba na kurudi wakitoa tepe, kwa sababu sheria bado ilikuwa sheria, na kwa sababu safari hii alitembea akijua kijiji kiko upande gani. Kipande cha njano cha ukingoni mwa shamba, karibu na kabichi, alikigusa, akakiacha.

Kasiani alikuwa amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, anamenya njegere. Mguu ulikuwa umepona kwa namna yake. Asingebeba tena mzigo kwenye miteremko ile, wala kuongoza mtu. Alikuwa amekonda, na mara kwa mara alisahau neno alilotaka kusema, akangoja lirudi.

"Karibu, mpwa," alisema.

Mwanvita aliketi chini, akavuta bakuli, akaanza kumenya naye.

"Padri alitaka kumtoa Tomasi kwenye kengele," Kasiani aliendelea. "Baada ya habari kuenea, watu walimcheka sana. Nikampelekea Padri ujumbe. Akitolewa Tomasi, mimi nahamia kwenu Mlali, nisilimu."

"Tusingekupokea. Unaongea sana."

Ndani, Bernadeta alicheka. Mwanvita hakuwahi kumsikia akicheka.

Simu yake ilionyesha saa sita kamili. Upepo ulipita juu ya matuta. Aliona kwamba Kasiani ameacha kumenya, na kwamba mwiko jikoni umenyamaza. Dakika ya nne. Dakika ya saba. Kifua kilimbana kama siku ile kwenye mwamba, na akajua kwamba huenda kitamfanya hivyo kila mchana wa maisha yake, popote atakapokuwa, hata baharini.

"Bado," Kasiani alisema.

Dakika ya tisa kamba ilivutwa.